Daftari la Mto Bubu

Mwalimu Mbijima aliviita vyelezo.
Sisi, tunaoyajua maji kwa ndoo,
tuliviita vitanda vya mtoni,
na viwili kati ya vitano vilikuwa vitanda kweli,
kamba zake bado zimelegea
pale alipozoea kulala mtu.
Vingine: madumu ishirini na moja ya mafuta ya alizeti,
tyubu mbili za trekta,
mlango wa choo cha shule, ulioazimwa kwa kiapo.

Shida ilikuwa moja. Nyendo alizalia sakafuni
mwezi wa saba, pale zahanati,
nesi amepiga magoti kwenye saruji,
tochi ya simu ameing'ata kwa meno.
Kitanda cha kujifungulia hakikuhitaji mkutano wa pili.

Daftari nilishika mimi.
Elfu kumi kila timu, mia tano mtazamaji,
mayai yanapokelewa.
Masima alileta debe la uwele, akaninong'oneza:
andika, ila jina usiweke,
wanaonidai watajua ninacho.
Nikaandika: debe moja, mwenye kofia ya bluu.

Ni mto tu ambao hatukuuandikisha.
Unaitwa Bubu, na miezi minane hulitii jina lake:
mchanga, kwato za mbuzi,
visima vya kuchimbwa kwa mikono
vinavyofunikwa miiba ili ng'ombe wasivivuruge.
Tukaupangia Jumamosi, saa nne asubuhi,
kama vile tunamwalika mjomba.

Ijumaa jioni, mchanga mkavu.
Diwani alituma salamu: atakuja, maji yakija.
Tukavipanga vyelezo kwenye mstari wa majivu
katikati ya mto usiokuwepo.
Sechelela na shoga zake wakapanda chao
wakapiga kasia hewani kwa miiko ya ugali,
watoto wakiwarushia vumbi, eti mawimbi.

Mvua haikunyesha kwetu. Ilinyesha Kondoa.
Saa nane usiku niliusikia,
kwanza kama lori linalotafuta gia,
halafu kama zizi zima limevunja ua,
halafu haukufanana na kitu.
Bubu alikuwa anasema,
na alikuwa na mengi.

Tulitoka na tochi. Majivu hakuna. Vyelezo hakuna.
Mashindano yameanza
bila kipenga, bila diwani, bila abiria.
Mwalimu Mbijima ndiye aliyetangulia kusema Mungu ashukuriwe:
kijiji kizima, yeye peke yake anajua kuogelea.

Kulipokucha tukafuata ukingo,
nusu ya kijiji, na mbwa.
Madumu tuliyakuta yamekwama kwenye mgunga.
Tyubu zilikuwa zimekaa katikati ya mpunga wa watu,
kwa adabu, kama wageni waliowahi mno.
Kitanda cha pili hatukukiona tena.
Cha Sechelela kilifika hadi daraja la reli,
kimesimama wima kati ya nguzo,
utadhani kinasubiri treni.
Nikaandika: wa kwanza.

Vijana wa bodaboda walibisha,
chelezo bila mtu si mshindi, ni takataka.
Wengine walidai mia tano zao.
Bibi mmoja akawauliza:
mto mmeuona, hamjauona?
Wakanyamaza. Wawili wakaongeza.

Mlango wa choo ulipatikana siku ya nne, bwawani.
Wavuvi walikuwa wameanikia kambale juu yake,
hawakutaka kuuachia.
Baada ya maneno mengi niliandika:
mlango mmoja, umerudi.
Samaki kumi na wawili, kwa zahanati.

Jumla, laki tatu na themanini, na mia tano.
Upungufu nimeuandika kwa penseli.
Kitanda cha Sechelela kiko barazani zahanati,
wanakikalia wanaosubiri zamu,
na akiinuka mtu mzito
kamba bado zinadondosha mchanga.

Mwakani hatupangi tarehe.
Tutavipanga mchangani
na tutalala na viatu.